Jina Chini ya Wimbo: Utunzi wa Chuck Berry

Wengi humtaja Chuck Berry (1926–2017) kwa gitaa lake. Sifa hiyo anaistahiki, lakini ni nusu ya haki yake. Mmarekani huyu Mweusi, mzaliwa wa St. Louis na mmoja wa waasisi wa muziki wa roki, alikuwa pia fundi wa maneno. Wapenzi wa ushairi tuna kila sababu ya kumpima kwa mizani yetu.

Tuuchukue wimbo "Johnny B. Goode" wa mwaka 1958, kisa cha kijana fukara asiyejua vyema kusoma wala kuandika, ambaye gitaa ndilo kitabu chake. Berry mwenyewe alieleza kwamba hapo awali kijana huyo alitajwa kwa rangi ya ngozi yake. Kwa kuchelea kuwaudhi wasikilizaji Wazungu, akaliondoa neno hilo, akamwita kijana wa shamba. Kwa Kiingereza maneno hayo yana silabi mbili mbili, na yote huanza kwa sauti ya k. Mizani ikabaki salama. Aliyepotea ni kijana mweusi. Mwaka 1977 wimbo ulirushwa angani katika santuri za vyombo vya Voyager, ukiwa na neno lile la badala.

Jina la mtunzi nalo lina kisa. "Maybellene", santuri yake ya kwanza kwa kampuni ya Chess ya Chicago mwaka 1955, iliandikwa watunzi watatu: Berry, mtangazaji wa redio Alan Freed, na Russ Fratto. Hao wawili hawakutunga kitu, lakini majina yao yalikuja kuondolewa mwaka 1986.

Tusimfanye Berry malaika, hata hivyo. Mpiga piano Johnnie Johnson, ambaye kundi lake ndilo lililompokea mwaka 1952, alimshtaki mwaka 2000 akidai kuwa nyimbo nyingi walitunga pamoja. Mwaka 2002 kesi ilitupwa kwa sababu muda ulikuwa umepita mno. Nani alitunga nini, halikuamuliwa. Lakini sikio lina ushahidi wake: nyimbo nyingi za Berry zimeshika sauti ambazo vidole vya mpiga piano vimezizoea kuliko vya mpiga gitaa.

Watunzi wa tenzi zetu hutia majina yao katika beti za mwisho ili haki isipotee. Ningepewa kalamu, chini ya nyimbo hizi ningeandika: maneno, Berry, mahadhi, Berry na Johnson.