Mwalimu wa Macucu wa Korogocho

Korogocho iko mashariki mwa Nairobi, ng'ambo ya mto kutoka jaa la taka la Dandora. Nyumba nyingi ni za mabati, na mlango wa bibi anayeishi peke yake aghalabu hufungwa kwa komeo jembamba lisilohimili hata teke moja. Wabakaji wanalijua hilo. Wengine huwavizia wazee wakiamini kwamba mwanamke wa umri huo hana virusi vya UKIMWI. Ndipo kikazaliwa kikundi cha Cucu Jikinge (cucu ni bibi kwa Kikuyu), na kwa zaidi ya miaka 10 sasa macucu wa miaka sitini, sabini, hata themanini na kitu wamekuwa wakikutana kujifunza kupigana.

Picha zao zimezunguka dunia: bibi mwenye kitambaa kichwani akiupiga ngumi mfuko uliojazwa mchanga. Lakini ukikaa pembeni ukatazama, jicho linamfuata mwalimu. Ni mama wa makamo, sketi ndefu, raba miguuni, na hana haraka hata kidogo.

Anaanza na nyayo. Anapita nyuma ya kila mmoja, anainama, anagusa kisigino: mguu wa kushoto hatua moja mbele, wa kulia nyuma, upana wa mabega, magoti yalegee. Cucu mmoja ana nyonga mbovu na hawezi kupanua miguu kiasi hicho. Mwalimu anamsogeza ukutani, anamwegemeza bega, anapima upya nafasi kati ya nyayo mpaka uzito ukae katikati. Kisha anamsukuma kifuani kwa ncha za vidole. Akiyumba, wanaanza tena. Hakuna aliyegusa mfuko bado.

Baada ya miguu, sauti. Mwalimu anakwenda hatua kadhaa mbele, anageuka, anamjia cucu taratibu kama mtu mwenye nia mbaya. Cucu anatakiwa ainue viganja kifuani, amtazame usoni, aseme: "Simama hapo! Usinikaribie!" Mara ya kwanza maneno yanatoka kama ombi. Mwalimu anasimama, hamkemei. Anaweka mkono wa bibi chini ya mbavu zake mwenyewe.

"Vuta pumzi, cucu. Itoke hapa, isitoke kooni."

Tena. Safari hii sauti imepanda, ila macho yameanguka chini. Tena. Macho yamebaki juu, lakini kichwa kimeinama upande, jinsi mtu anavyoinama akiomba radhi. Mwalimu anakinyoosha kwa vidole viwili. Kwangu mimi hapa ndipo kazi ilipo ngumu kuliko kwingine kote. Mwanamke aliyesifiwa kwa unyamavu tangu utotoni anaombwa aufungue mwili wote kwa neno moja, na mwalimu anatumia muda mrefu zaidi kwa hilo kuliko kwa ngumi. Anawafundisha pia kuita jirani kwa jina lake. Kelele tupu kila mtu humwachia mwenzake; aliyetajwa jina huamka.

Halafu mkono ulioshikwa. Mwalimu anamkamata cucu kwenye kifundo cha mkono, na cucu, kama mtu yeyote, anavuta.

"Usivute. Ukivuta mnashindana nguvu. Tazama mkono wangu."

Wanatazama pamoja. Vidole vinne viko upande mmoja, gumba liko peke yake upande wa pili, na vinapokutana pana mwanya. Mwalimu anauzungusha mkono wa bibi mpaka ule upande mwembamba wa kifundo uelekee kwenye mwanya huo. "Sasa kunja kiwiko. Kiwiko kije kwangu, hatua moja mbele." Bibi anasogea kuelekea kwa adui, jambo ambalo mwili wote unalikataa, na mkono unachomoka bila nguvu ya kutajika. Anautazama. Anaomba arudie. Wanarudia polepole, kisha haraka, kisha mwalimu anakaza zaidi, kisha anakamata mkono wa kushoto bila kutangaza.

Mafunzo haya yana faida iliyopimwa. Katika mitaa kama hii jijini Nairobi, wasichana wa sekondari walifundishwa mbinu za namna hii kwa vipindi 6 vya saa 2, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walisema walizitumia kuzuia shambulio la kingono ndani ya mwaka uliofuata.

Pigo lenyewe limepunguzwa kulingana na mifupa. Ngumi iliyofumbwa vibaya huumiza vidole vya mpigaji, na vidole vingi humu ukumbini vimekwisha pindwa na baridi yabisi. Kwa hiyo wengine wanapiga kwa kiganja: vidole vinarudishwa nyuma, na ile sehemu ngumu iliyo juu tu ya kifundo inapanda chini ya kidevu au kwenye pua. Adui akiwa karibu mno, kiwiko. Chini, goti kwenye kinena. Mwalimu anashika mto wa sponji na kusikiliza kila pigo kama mnunuzi anayegonga chungu apate kujua kama kina ufa.

"Hilo ni la bega. Nataka la mguu wa nyuma."

Bibi anasukuma kisigino chini, nyonga inazunguka, bega linafuata, na mto unalia sauti nyingine kabisa.

Wenye mkongojo wana somo lao. Ukiupunga hewani, ataudaka. Ushike kwa mikono miwili, uchome mbele, tumboni au kooni, uurudishe upesi. Na pigo likishaingia, mlango. Hakuna anayefundishwa kubaki amalize ugomvi.

Mwalimu hafichi kwamba mtu anaweza kufanya yote sawasawa na bado akazidiwa, na kwamba hilo halimfanyi kuwa mkosaji. Kwa hiyo kipindi kina sehemu moja ya kukaa vitini. Hospitali kwanza, kabla ya kuoga, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi hazianzwi zaidi ya hapo. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, unyevu usije ukaharibu ushahidi. Polisi, na fomu ya P3 ya kuandikia matokeo ya uchunguzi wa daktari. Anayafundisha haya kama alivyofundisha nyayo, akipita kwa kila mmoja.

"Saa ngapi, cucu?"

"Sabini na mbili."

"Na nguo?"

Bibi anasita. Mwalimu anangoja, na jirani yake anapotaka kumjibia, anamzuia kwa kiganja.

"Karatasi," bibi anasema. "Siyo plastiki."

"Haya. Tena, tangu mwanzo."