Aochan na Gohan: Kosa la Oktoba

Picha ya hamsta aliyelala mgongoni mwa nyoka mla panya, iliyosambaa duniani Januari 2006 kutoka bustani ya wanyama ya Mutsugoro Okoku, Tokyo, ni kumbukumbu ya kosa la ulezi. Nyoka, Aochan, alikuwa na urefu wa mita moja na ushei. Hamsta, Gohan, alitosha kiganjani. Walioiona picha wanakumbuka ilivyoelezwa: maadui wa asili wamekuwa marafiki. Maelezo hayo hayakuwa na msingi, na uamuzi uliozaa picha yenyewe haukupaswa kufanywa.

Mambo yalianza Oktoba 2005. Aochan aligoma kula panya waliogandishwa, watunzaji wakamtilia hamsta hai, naye hakumla. Hamsta akaachwa mle mle kizimbani hadi mwaka mpya. Baadaye Aochan alizoeshwa panya wa kuyeyushwa akawa anakula vizuri, na hiyo ilikuwa kazi safi.

Kosa la kwanza lilikuwa kuisoma Oktoba vibaya. Nyoka wa nchi zenye majira ya baridi hupunguza kula vuli inapoingia, kwa sababu mmeng'enyo wao hutegemea joto la nje. Nyoka aliyeshiba kisha akapoa huozewa na chakula tumboni, kwa hiyo mwili hufunga hamu mapema. Nyoka wengi hulifuata zoea hilo hata wakiwa ndani ya nyumba. Kugoma kwa Aochan hakukuwa lazima kuwe ugonjwa wala kuchagua chakula. Japani ndiyo nchi ya Hajime Fukada, aliyetumia miongo ya miaka kuwatia alama na kuwafuatilia nyoka wa Kyoto, na mwaka 1992 akatoa kitabu juu ya maisha yao. Elimu ya majira ya nyoka wa nchi hiyo ilikuwapo rafuni miaka mingi kabla ya kisa cha Aochan.

Jibu la nyoka anayegoma vuli linafahamika: apimwe uzito, mdomo na pumzi vikaguliwe, utitiri wa ngozi utafutwe, apewe maji na maficho ya kutosha, kisha asubiriwe. Nyoka mzima mwenye afya hukaa wiki nyingi bila kula na asipungue kiasi cha kutisha. Carl Kauffeld, aliyewalea nyoka katika bustani ya wanyama ya Staten Island, New York, tangu miaka ya 1930, aliuweka msingi huo wazi katika kitabu chake cha 1969: kwanza aliwaeleza nyoka porini, ndipo akafika kwenye ulezi. Mlezi wa shule yake angeuliza kwanza nyoka wa aina hii hufanya nini mwezi kama huu huko atokako. Swali hilo moja lingetosha kumwepusha Gohan na kizimba kile.

Kosa la pili ndilo kubwa. Kumtilia nyoka windo hai ni jambo ambalo walezi bado wanalijadili. Kuliacha ndani baada ya nyoka kulikataa hakuna mjadala. Windo hai husimamiwa kwa macho, na nyoka asipoonyesha nia ndani ya robo saa hivi, hutolewa. Kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya windo peke yake. Nyoka aliyepoa au asiye na njaa hajitetei. Panya aliyeachwa naye usiku kucha, hana chakula, hana maji, huanza kutafuna kilicho karibu, na kilicho karibu ni mgongo wa nyoka. Majeraha ya namna hiyo, yanayofika hadi kwenye misuli na wakati mwingine kwenye mifupa, yanajulikana sana kwa madaktari wanaotibu nyoka. Kwa hiyo Aochan naye aliwekwa hatarini, na hili karibu halikutajwa katika simulizi za urafiki.

Hatari ya Gohan ilikuwa ya wazi zaidi, nayo ilikuwa ikikua kila siku. Nyoka huamua kwa harufu. Ulimi hukusanya chembe hewani na kuzipeleka kwenye kiungo cha Jacobson kilichoko kwenye paa la mdomo, na humo ndimo chakula hutambuliwa. Mwaka 1967 Gordon Burghardt alichapisha katika jarida la Science majaribio yake juu ya nyoka wachanga ambao hawajawahi kula: aliwasogezea pamba zilizochovywa katika maji ya wanyama mbalimbali, nao wakashambulia pamba zenye harufu ya chakula cha asili cha aina yao. Pamba haina miguu wala macho, na bado ilishambuliwa. Kinyume chake nacho hutokea: mnyama anayekimbiakimbia mbele ya nyoka anaweza kupuuzwa ikiwa harufu yake haijaandikwa kama chakula.

Hapo ndipo siri ya Aochan inapofunguka bila kutaja urafiki. Huenda hamu ilikuwa imefungwa na majira. Hamsta si mnyama wa porini Japani. Tena nyoka mla panya hana vishimo vya kuhisi joto mdomoni kama alivyo navyo chatu, kwa hiyo mwili wenye joto wa Gohan haukumfikia kwa njia hiyo. Kisha akazoeshwa panya wa kuyeyushwa, na chakula kikawa na harufu moja maalumu. Mpaka kati ya hamsta na chakula ulikuwa uzi mwembamba wa harufu. Panya wa kuyeyushwa akiburutwa juu ya matandiko, au hamsta akipita alipolala panya huyo, uzi umekatika. Nyoka mwenye hamu akishanusa panya hushika chochote kinachosogea, hata mkono wa mlezi. Saa ya kulisha, iliyoonekana kuwa ushahidi wa upole wa Aochan, ndiyo iliyokuwa saa mbaya kuliko zote kwa Gohan.

Utulivu wa hamsta nao haukuthibitisha chochote. Robert na Caroline Blanchard wa Chuo Kikuu cha Hawaii walionyesha jinsi panya walio katika mashimo ya maabara wanavyofanya paka akiwatokea: hukimbilia ndani, hutulia kimya kwa muda mrefu na kuacha shughuli zao, huku wakitoa mlio wa hatari wa takriban kilohezi 22 usiosikika kwa sikio la binadamu. Mtazamaji asiye na kifaa huona amani. Huenda Gohan, mzao wa vizazi vya kizimbani, hakumtambua nyoka hata kidogo. Lakini kutotambua hatari hakuiondoi.

Kasumba ya kuvipamba visa hivi ni ya muda mrefu. Mwanzoni mwa 2002 simba jike Kamunyak wa Samburu, Kenya, alisifiwa kwa kumlea ndama wa choroa; ndama akaliwa na simba dume, na Kamunyak mwenyewe alikuwa amekonda kwa kutowinda. Miaka karibu kumi baada ya Aochan, hifadhi ya Primorye nchini Urusi ilirudia uamuzi wa Tokyo karibu neno kwa neno. Novemba 2015 mbuzi Timur alitiwa kwa chui milia Amur kama chakula, hakuliwa, akaachwa humo, na dunia ikashangilia. Januari 2016 Amur alimkamata shingoni na kumrusha chini ya mteremko. Wakatenganishwa, na Timur akafa Novemba 2019 bila kupata tena afya yake kamili. Kamunyak alijichagulia mwenyewe porini. Gohan na Timur walichaguliwa na watu waliokuwa na ufunguo wa mlango.

Kwa anayefuga nyoka na panya wote wawili, kutenganisha vizimba na kubaki katika chumba kimoja hupunguza hatari, ila hakuimalizi. Harufu ya panya ikijaa chumbani, nyoka hubaki katika hali ya kuwinda: husugua pua kwenye kioo hadi ijeruhike, na huuma mkono unaoingia kumbadilishia maji. Panya nao huathirika kwa harufu ya mwindaji, na jike mwenye hofu anaweza kuwala watoto wake. Joto pia haliwafai wote: chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayefugwa sana Ulaya na Marekani huhitaji upande wenye nyuzi 31 hadi 33, ilhali hamsta hustawi kwenye 20 hadi 24. Kelele ndizo tatizo dogo, kwani milio ya juu ya panya iko nje ya masikio ya nyoka.

Magonjwa hayasubiri mlango ufunguliwe. Salmonela huishi kwa nyoka na kwa panya, na kugandisha hakuiui. Mwaka 2010 watu waliugua Marekani kwa sababu ya panya waliogandishwa wa kulishia wanyama watambaao. Palipo na vyumba viwili, panya na nyoka hutengwa. Pakiwa na kimoja tu, vizimba huwekwa kwenye kuta zinazokabiliana, cha nyoka kikiwa na kufuli na cha panya kikiwa na wavu wa chuma usiotafunika, hewa ikitoka upande wa panya kwenda nje. Panya huhudumiwa kwanza, mikono huoshwa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, nguo ya kazi hubadilishwa, ndipo kizimba cha nyoka hufunguliwa.