Stelingi Reki: Kubadili Mwenyewe au Kumwachia Fundi

Stelingi reki ni fimbo ya chuma yenye meno, iliyolazwa kwa upana wa gari ndani ya bomba lake. Pinioni iliyo mwisho wa shafti ya usukani hushikana na meno hayo. Dereva anapozungusha usukani, fimbo husogea kushoto au kulia na kugeuza magurudumu ya mbele kupitia reki endi na tairodi endi. Mwenye gari anayetaka kuibadili mwenyewe kwa kawaida huwaza kama nati zitafunguka. Hilo ni dogo. Mambo mazito yako kabla ya nati ya kwanza kulegezwa na baada ya nati ya mwisho kukazwa.

Kwanza ithibitike kuwa reki ndiyo mbovu. Reki nyingi huhukumiwa bure, kwa kuwa kugonga kwenye mashimo na mchezo wa usukani vyaweza kutoka kwenye tairodi endi, reki endi, bushi zinazoshikilia reki au kiungo cha shafti, vitu vya bei ndogo zaidi. Kipimo chake hakihitaji mashine. Gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, breki ya mkono imevutwa na injini inaunguruma, mtu mmoja hutikisa usukani kidogo huku na huku, na mwingine hushika kila kiungo kwa kiganja. Kilicholegea hugonga mkononi hata kama jicho halijakiona. Usukani mzito nao waweza kuwa kosa la pampu au mkanda unaoteleza. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye mabuti, ile mipira iliyokunjana pande mbili za reki: likiminywa buti likatoa oili ya haidroliki, sili za ndani zimekwisha.

Magari mengine hayana oili hiyo kabisa. Toyota Vitz ya kuanzia 2005 ina mota ya umeme kwenye shafti ya usukani, kwa hiyo reki yake haina mabomba na kazi hupungua.

Kisha hutazamwa mahali reki ilipofungwa. Kwenye baadhi ya magari yenye injini iliyolala kwa upana, haitoki mpaka krosimemba, boriti ya chuma iliyo chini ya injini, ishushwe na injini ishikiliwe kutoka juu. Kazi hiyo haifai kufanywa uani kwa jeki. Hata pale reki inapotoka kirahisi, kuingia chini ya gari lisilo juu ya stendi ni kuhatarisha maisha.

Reki iliyotumika inunuliwe kwa uangalifu, iwe kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Kirinyaga Road. Pinioni hukaa upande wa dereva, hivyo reki ya gari la Dubai, lenye usukani kushoto, haiingii kwenye gari la Tanzania au Kenya.

Wakati wa kufungua, usukani hufungwa usizunguke. Chini yake kuna waya uliojikunja wa honi na mfuko wa hewa. Usukani ukizunguka ovyo shafti ikiwa imeachanishwa, waya huo waweza kukatika, na mfuko usifunguke siku ya ajali. Shafti huwekewa alama, na mizunguko ya kila tairodi endi huhesabiwa inapotolewa. Kwenye reki ya haidroliki, oili ya zamani humwagwa yote, maana chembe za chuma zilizomo huharibu sili mpya. Hewa hutolewa kwa kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho, magurudumu yakiwa juu, injini ikiwa imezimwa kwanza.

Kotapini mpya za kufungia nati za tairodi endi ni lazima, na alaimenti ifanywe siku hiyohiyo: hesabu ya mizunguko hulifikisha gari kwenye mashine tu, haichukui nafasi ya mashine. Mwenye stendi, spana ya kupimia mkazo na mashine ya alaimenti iliyo karibu, ambaye reki yake hutoka bila kushusha krosimemba, anaweza kuibadili mwenyewe. Akikosa kimojawapo, gari liende kwa fundi.