Ngata, Ndoo na Msuli Usioonekana

Msuli mrefu wa shingo, ambao wanaanatomia huuita kwa Kilatini longus colli, umelala mbele ya pingili za shingo, nyuma ya koromeo na umio. Mtu akijipapasa shingo hakutani nao. Vidole hukutana na ule msuli mnene unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga, ambao hutuna kichwa kikigeuzwa kwa nguvu. Wa ndani umefunikwa na koo lenyewe na mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani. Uko mmoja kulia na mmoja kushoto, na kila mmoja umeanzia pingili ya kwanza ya shingo, iitwayo atlasi, ukaishia pingili ya tatu ya kifua.

Kila msuli una mafungu matatu. La wima limeshikamana na miili ya pingili, kutoka zile za juu za kifua na za chini za shingo hadi ya pili, ya tatu na ya nne za shingo. La mshazari la chini latoka kwenye pingili za juu za kifua na kutanuka nje hadi vichomozo vya pembeni vya pingili ya tano na ya sita. La juu hufanya kinyume: latoka kwenye vichomozo vya pingili ya tatu, ya nne na ya tano, likarudi ndani na kupanda hadi kinundu kidogo kilicho mbele ya atlasi. Msuli wote huamrishwa na matawi ya neva za shingo, kuanzia ya pili hadi ya sita.

Vitabu vya wanafunzi husema kazi yake ni kuinamisha shingo mbele. Ni kweli, lakini ni ukweli mwembamba, maana misuli iliyo karibu na ngozi huinamisha shingo kwa nguvu zaidi. Kazi yake ya maana ni kuzuia. Shingo ina mpindo mdogo uliobinukia mbele, na juu yake hukaa kichwa cha kilo nne hadi tano. Misuli minene ya nyuma ikivuta, mpindo huelekea kuzidi. Msuli mrefu hukaza kutoka mbele na kuunyoosha, pingili kwa pingili, bila kichwa kusogea.

Kazi hiyo hudaiwa zaidi katika ufundi wa kubeba kichwani. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na ushee, kama vichwa vinne vilivyopangwa juu ya cha tano. Mwanamke aliyezoea huanza na ngata: kanga kuukuu iliyosokotwa na kuviringwa duara, ikakaa utosini, si kwenye paji wala kisogoni. Ikikosewa kwa upana wa vidole viwili, shingo huvutwa njia nzima. Kisha mwenzake humtwika. Juu ya maji huelea tawi la majani, ili mawimbi yavunjike kabla hayajafika ukingoni. Kidevu hakichomozi, huvutwa ndani kidogo, kama cha mtu anayeitikia kwa kichwa akaishia nusu njia.

Mwitikio huo mdogo ndio wataalamu wa fiziotherapia huutumia kuipima misuli hii ya ndani. Mgonjwa hulazwa chali, chini ya shingo huwekwa mfuko wa hewa uliojazwa hadi milimita 20 za zebaki, naye huitikia polepole hadi 30, mbili mbili. Misuli ya ndani ikiwa dhaifu, ile ya juu hurukia kazi isiyo yake, na huonekana ikituna.

Njiani, mbebaji akiitwa hageuzi shingo. Hugeuka mwili mzima, au hujibu salamu akiwa ametazama mbele. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Utafiti wa 1995 ulieleza sababu: mwendo wao huokoa nguvu kama timazi linavyobembea. Watafiti wa baadaye, Afrika Kusini, hawakuona nafuu hiyo kwa kila mbebaji, jambo lisilomshangaza anayejua kwamba ufundi hutofautiana mtu na mtu.

Waluo hubeba utosini. Wakikuyu hubeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji. Mkanda huvuta kichwa nyuma, na hapo misuli ya mbele ya shingo hushindana nao waziwazi.

Msuli huu nao una maradhi yake. Mara chache chembe za chokaa hujikusanya kwenye kano la fungu la juu. Shingo hukauka, kumeza mate kunauma, na hali hiyo hudhaniwa ni jipu nyuma ya koo, kumbe kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili kwa dawa za kutuliza uvimbe. Mpasuaji anayetoa diski mbovu kwa kupitia mbele huubandua msuli taratibu kutoka kwenye mfupa, akichunga mnyororo wa neva uliopita juu yake, ambao ukijeruhiwa huangusha kope la upande huo. Mizigo mizito ya miaka mingi nayo huchakaza diski za shingo, hata kwa aliye fundi.

Kwa mbebaji, hatari zaidi iko kwenye kutua mzigo. Magoti hukunjwa, shingo haikunjwi. Mikono yote miwili hushika ndoo ukingoni, ikanyanyuliwa kidogo kutoka kwenye ngata na kushushwa mbele ya uso. Maji yakimwagika, mara nyingi humwagika hapo.