Kukomaa Si Kukauka: Hesabu ya Maji na Wanga Katika Punje ya Mahindi

Kuanzia Oktoba, katika mashamba ya Kibomet, pembezoni mwa Kitale, swali ni lile lile: mahindi yamekauka au bado? Swali hilo linachanganya mambo mawili, kukomaa na kukauka, ambayo mmea wenyewe umeyatenganisha.

Punje ikiwa bado ya maziwa, karibu asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Ndani ya maji hayo mna sukari iliyotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua, ikapitia kwenye bua hadi gunzini, kisha ikaingia kwenye punje kupitia kitako chake. Sukari ina tabia ya kuvuta maji. Kama mmea ungeihifadhi vivyo hivyo, punje ingebaki imejaa maji. Kwa hiyo huigeuza kuwa wanga, chembe zisizoyeyuka kwenye maji baridi. Kila chembe inapokaa mahali pake, maji yanakosa nafasi. Kiazi kitamu nacho huweka wanga mzizini, ila hubaki na maji mengi, ndiyo maana hakikai ghalani kama mahindi.

Wanga hujaa kuanzia utosi wa punje ukishuka kuelekea gunzini. Livunje hindi katikati wakati huo utauona mpaka wenyewe: juu pagumu, chini bado maziwa. Majani yakiharibiwa na mvua ya mawe au ugonjwa kabla mpaka haujafika chini, mmea huchota akiba ya sukari iliyomo kwenye bua ili kuijaza punje. Bua hudhoofika, na upepo ukija linalala. Wengi hulaumu upepo peke yake.

Ubaridi wa Kitale hurefusha muda huu wa kujaza, na wazalishaji wa mbegu waliutumia vizuri. Mbegu ya H611, iliyotolewa mwaka 1964, ilizaliwa kwa kuchanganya aina ya Kitale Synthetic II na Ecuador 573, mahindi yaliyoletwa kutoka Amerika Kusini. H614 iliyofuata ni ya nyanda za juu vile vile, nayo huchukua miezi sita hadi saba shambani. Asiye na subira asiipande.

Sasa pukuchua punje moja katikati ya gunzi, ukwaruze kitako chake kwa ukucha. Ukikuta tabaka jeusi, njia ya chakula imefungwa. Hapo punje ina maji kama asilimia 30 hadi 35, na hakuna wanga utakaoongezeka hata ukiyaacha mahindi shambani mwezi mzima. Kinachobaki ni kukausha, na kukausha ni kazi ya jua na upepo, popote mahindi yalipo.

Ndiyo maana naona kuyaacha yasimame mpaka mvua za Novemba ni hasara tupu kwa mwenye turubai na mahali pa kuanika. Maji yakiingia ndani ya ganda, ukungu hufuata, na fangasi fulani hutoa sumukuvu. Mwaka 2004, sumu hiyo iliua watu 125, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui.

Kipimo cha kuhifadhi ni unyevu wa asilimia 13.5. Asiye na mashine atie punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, aitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15: rudisha juani.

Na unaponunua, usipime kwa kilo peke yake. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 20, likianikwa hadi 13.5, hubaki na kilo 83 na kidogo. Karibu kilo 7 ulizolipia zilikuwa maji.