Ufunguo na kufuli: mfano wenye kuchoka

Bandugu, ule mchoro wa ufunguo na kufuli tulioukariri sote ni wa Emil Fischer, 1894. Kwa kuanza ni mzuri. Ubaya wake: unatuzoeza kuangalia tundu tu, kama vile chuma ingine yote ya kufuli haina kazi.

Basi muangalie DHFR ya bakteria E. coli, anzimu ile inayozuiwa na trimethoprim ya ndani ya Bactrim. Glisini ya nafasi 121 iko karibu nanometa 2 kutoka mahali kazi inafanyika. Haigusi substrati hata kidogo. Lakini ukiweka valini pa nafasi yake, mwendo wa kuhamisha hidridi unapunguka zaidi ya mara 100! Juu ya nini? Anzimu haiko chuma, inachezacheza. Glisini hiyo iko kwenye kitanzi chenye kutegemeza kitanzi kingine, Met20, ambacho kinafunika mahali pa kazi. Cha mbali kikiharibika, cha karibu hakikae tena sawa.

Na mtihani unaomba tuchore tundu tu. Unampa pointi zote yule ambaye kesho, mbele ya matokeo ya labo, atasema: «Badiliko hili liko mbali, haina neno.»