Nano mbele ya moto, na nyuma ya moto?

Wandugu, huu mwaka nimesoma TFE tatu juu ya unga wa mifupa kama mbolea. Zote zinasema vilevile: tulichoma mifupa ya ngombe ku 900 °C, tukatwanga, tukachunga na tamisi ya mikrometa 63, njo tukapata unga wa nano. Niseme wazi: ile neno nano haina ushahidi pale.

Nano inaishia karibu ku nanometa 100. Tamisi ya mikrometa 63 inapitisha chembe mpaka za nanometa 63 000. Haihakikishe kitu.

Ya kushangaza, mbele ya moto mufupa ni nano kweli. Fuwele zake za hidroksiapatiti ziko na urefu wa makumi ya nanometa, na unene wa nanometa chache tu. Joto likipita karibu 700 °C, zinaungana na kukomaa haraka. Ku 900 °C zinaweza kufika mamia ya nanometa. Tufanye hesabu ya chembe za mviringo: za nanometa 20, gramu moja inatoa eneo la karibu meta mraba 95. Zikifika 200, inabaki 9,5 tu.

Na ku shamba, eneo njo lenye kukutana na asidi ya udongo. Udongo wetu mwekundu unakamata fosforasi na chuma na alumini yake. Unga wenye kuyeyuka polepole unachelewesha chakula cha mahindi.

Sisemi moto ni mubaya. Unamaliza mafuta, unaua vijidudu, mufupa unakuwa mwepesi kutwanga. Lakini tunapenda sana rangi nyeupe pe. Ile nyeupe inaonyesha tu kama kaboni imeisha, ukubwa wa fuwele hapana. Mimi pia ku TFE yangu niliandika "unga laini" juu ya kuugusa na vidole. Ku jury wakaniuliza: laini kiasi gani? Nikanyamaza.

Basi wenye kuandika sasa: chomeni ku 500, 700 na 900 °C. Pimeni eneo kwa gesi ya azoti, na fuwele kwa miale ya X, mukijua kama miale inapima fuwele, haipime chembe nzima. Kama labo haina mashine, andikeni "unga wa mifupa", muutie ku vyungu vya mahindi, mupime mavuno. Ile mukulima ataamini.